Binti wa Mfalme Asiyezeeka

Yuko binti wa mfalme ambaye amefungwa pangoni tangu mwaka 1986. Analindwa na joka la kijani. Mtu yeyote anaweza kwenda kumwokoa leo, au kesho, au baada ya miaka kumi. Atamkuta palepale, nywele hazijaota mvi, sauti haijabadilika, wala hatamwuliza mwokozi wake alikuwa wapi siku zote hizo. Tena, msomaji mpenzi, si lazima kwenda. Mtu anaweza kulipita pango hilo, akaenda zake kumshinda mfalme wa majoka, akashangiliwa na nchi nzima, na yule binti akabaki gizani.

Mchezo wenye pango hilo unaitwa Dragon Quest. Ulitolewa Japani na kampuni ya Enix mwezi Mei 1986, nao ulibuniwa na Yuji Horii kwa ajili ya mashine ya Nintendo iliyounganishwa na televisheni. Ni wa jamii ile ya michezo ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akasafiri, akazungumza na watu, akanunua silaha, akapigana na kuongezeka nguvu kidogo kidogo. Chimbuko la jamii hiyo ni mchezo wa mezani wa Marekani, Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Huo haukuhitaji umeme. Ulihitaji karatasi, kalamu, dadu na marafiki wenye nafasi. Mimi nimeufahamu ule wa Japani uzeeni, katika simu ya mjukuu wangu, na sioni haya kusema kwamba umenipendeza. Wazee wenzangu wakisikia neno "gemu" hufikiri bunduki na magari yanayogongana. Hawajui kwamba ipo michezo inayosubiri.

Nieleze maana ya kusubiri. Adui anapotokea, mchezo unakuuliza: utapiga, utakimbia, utatumia uganga, au utatoa kitu mfukoni? Mpaka utakapojibu, adui hasogezi hata ukucha. Unaweza kwenda kuswali, ukanywa chai, ukapokea mgeni na kumsindikiza mpaka barabarani, ukarudi, ukamkuta adui amesimama kama ulivyomwacha. Kisha unachagua, naye anachagua, mnaendelea. Katika michezo mingi ya mashine iliyotangulia, mwenye vidole vyepesi ndiye aliyefika mbali. Huu ulimfungulia njia mwenye vidole vizito. Kila pigano humwongezea uzoefu, na uzoefu humpandisha ngazi, hata yule asiyejaliwa wepesi akafika mwisho kwa kutokata tamaa tu.

(Toleo la kwanza la Japani halikuwa na namna ya kuhifadhi safari. Mchezaji alipotaka kupumzika, mfalme alimpa maneno ya uganga yenye herufi 20 za Kijapani, naye akayanakili daftarini ili ayarudishe siku nyingine. Akikosea herufi moja, safari yake haifunguki. Sijui mwalimu wa imla aliyepata kuwa na nguvu kama hiyo juu ya watoto.)

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenigusa mtu kama mimi. Nimefundisha na kuongoza shule kwa zaidi ya miaka thelathini, na miaka yote hiyo nimeishi chini ya kengele. Nakumbuka kijana mmoja wa darasa la saba ambaye karatasi yake ya majaribio ya hisabati ilikuwa na maswali kama nusu yaliyojibiwa, na yote aliyoyajibu yalikuwa sahihi, njia imeonyeshwa hatua kwa hatua, mistari imepigwa kwa rula. Nusu nyingine ilikuwa tupu. Alama zake zilisema hajui. Karatasi yake ilisema anajua ila hajamaliza. Chuoni tulifundishwa kwamba kupima wepesi na kupima ufahamu ni mambo mawili. Lakini katika chumba chenye watoto tisini na msimamizi anayesema wekeni kalamu chini, mambo hayo mawili hugeuka kuwa moja, na mtoto mwenye akili ya polepole hurudi nyumbani akiamini kwamba hana akili kabisa.

Kwa hiyo nilipoona chombo kinachomwambia mtu, "Fikiri, nitakungoja," niliona aina fulani ya haki. Hapana budi niseme hivyo kwanza, kwa sababu nitakayoyasema baadaye yasije yakadhaniwa ni kelele za mzee anayechukia vitu vya vijana.

Swali langu ni hili. Mtu akitenda mema mahali ambapo muda haupiti, je, ametenda mema? Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Nikimfuata, basi saa zangu katika simu ya mjukuu zimenijenga namna fulani. Je, zimenijenga vipi? Naona nimejifunza kuhesabu dawa zangu kabla ya kuingia pangoni. Nimejifunza kurudi nyuma bila aibu ninapoona nguvu zimepungua. Hiyo ni busara halisi, na anayeidharau hajaongoza shule yenye upungufu wa chaki. Lakini subira sijajifunza, maana subira ni kuvumilia jambo linalouma, na hapa hakuna linaloniuma. Na wajibu sijajifunza hata kidogo.

Uko mchezo mwingine mashuhuri wa Japani, Final Fantasy VII, wa mwaka 1997. Karibu na mwisho wake kimondo kikubwa kinaning'inia angani, kinakuja kuiponda dunia. Watu wanakitazama kwa hofu. Naye shujaa, ambaye ndiye tumaini lao, anaweza kwenda kufuga ndege wakubwa waitwao chocobo, akawapandisha kizazi baada ya kizazi, akashindana nao mbio, akalala katika nyumba ya wageni usiku baada ya usiku. Kimondo kinamngoja. Wachezaji wanalijua jambo hili na wanalicheka wenyewe. Mimi nililicheka pia, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu msiba unaosubiri si msiba. Ni pambo la ukutani.

Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao wakasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nimesimamia midahalo mingi ya wanafunzi juu ya methali hizi mbili, na kila mara upande mmoja ulitaka kuuthibitishia mwingine kwamba wahenga walijipinga. Siamini hivyo. Ya kwanza inamwambia mtu aliye peke yake na kazi yake: anayechonga mpini, anayetafuta jawabu la hesabu. Ya pili inamwambia mtu anayengojwa. Mwendo wangu ni mali yangu mpaka pale mtu mwingine anaposimama mlangoni akinisubiri. Tangu hapo, kila dakika ninayoitumia natumia na ya kwake.

Mcheza bao analijua hili bila kufundishwa. Anashika kete mkononi, anatazama mashimo, anahesabu itakapomfikisha, na mwenzake ananyamaza. Wakati huo si wa bure. Mwenzake anamkopesha jioni yake, akijua kwamba zamu yake ikifika naye atakopeshwa. Akizidi kukawia, watazamaji huanza kuguna, na mguno ule ni mahakama ndogo. Katika simu hakuna anayeguna.

Sasa nitoe mfano usio wa mchezo. Mwalimu mwenzangu, aliyefundisha miaka mingi kuliko mimi, alistaafu akaanza kufuatilia mafao yake katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani aliyemhudumia hakuwa mtu mbaya. Hakuomba rushwa. Alimpa kiti, alimwita mzee, alimwamkia kwa heshima. Akamwambia faili halijaonekana, njoo baada ya wiki mbili. Mwalimu akapanda basi akarudi kijijini. Baada ya wiki mbili akaambiwa limeonekana lakini linahitaji saini, na mwenye saini yuko safarini. Akaja tena. Katika kuja na kurudi huko aliuza ng'ombe mmoja, kisha wa pili, kwa ajili ya nauli. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, akasema atafanyiwa upasuaji fedha zikitoka. Halafu na la kushoto likaanza. Mara za mwisho alishikwa mkono na mtoto wa jirani kupanda ngazi za ofisi.

Nilimsindikiza siku moja, nikamtazama karani. Naye alimtazama mwalimu kama alivyomtazama siku zote: mzee yule yule, bahasha ya kaki ile ile, kiti kile kile. Alikuwa akifanya kazi kwa mwendo wake, wala hakuonekana kuwa na shaka kwamba mara nyingine atamkuta mzee kama alivyomwacha. Faili lilikamilika. Fedha zilipokelewa na mjane.

Karani huyo, nina hakika, hajapata kushika mchezo wa Kijapani, na sitaki kuibebesha simu ya mjukuu dhambi iliyokuwapo kabla haijatengenezwa. Nasema tu kwamba tangu nilipomwona binti wa pangoni nimepata jina la jambo nililoliona ofisini siku ile. Kosa la karani halikuwa upole wa mwendo. Nimewajua watu wa polepole waliokuwa waaminifu kupindukia. Kosa lilikuwa kuamini, bila kuliwaza, kwamba anayengoja hazeeki. Na wengi wetu tunaamini hivyo juu ya mtu fulani: mama aliye kijijini, rafiki tuliyekosana naye, mwanafunzi tuliyemwahidi kitabu.

Je, dawa ni kutia saa? Wapo watengenezaji waliofanya hivyo. Katika mchezo wa Marekani uitwao Fallout, wa mwaka 1997, mchezaji hupewa siku 150 za kimchezo kutafuta kifaa cha kusafishia maji, na siku zikiisha watu wake wameangamia. Hapo wajibu umerudi, nakiri. Lakini kengele nayo imerudi, na yule kijana wangu wa hisabati ameachwa tena na nusu ya karatasi tupu. Mimi sipendi kuchagua kati ya dunia isiyonijali hata nikikawia na dunia inayonichapa kwa kukawia.

Ndiyo maana nimevutiwa na mchezo wa tatu, ambao pengine si ndugu wa damu wa hii mingine, bali binamu. Unaitwa Animal Crossing. Ulitoka Japani mwaka 2001. Mchezaji huhamia kijiji cha wanyama wanaosema, akajenga nyumba, akavua samaki, akapanda miti. Hakuna adui wa kumshinda wala mwisho wa kufikia. Lakini saa yake ni saa ya kweli: usiku kwako ni usiku kijijini, na masika yakifika yamefika kote kuwili. Usipokuja mwezi mzima hakuna atakayekunyang'anya kitu. Ila utakuta magugu yameota, mende wameingia nyumbani, na jirani atakuambia ni muda gani hajakuona. Jirani mwingine huenda amekwisha hama.

Mmoja wa waliouanzisha, Katsuya Eguchi, alitoka Chiba akaenda kufanya kazi Nintendo katika mji wa Kyoto, akiwaacha jamaa na marafiki, na amesimulia kwamba upweke huo ndio uliomfanya autafakari ujirani. Tena alikuwa baba anayerudi nyumbani usiku, familia imekwisha cheza bila yeye. Akatafuta mchezo ambao watu wa nyumba moja wangeweza kuuingia kila mtu kwa saa yake na bado wakakutana: mtoto anazika kitu mchana, baba anakifukua usiku. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, toleo jipya la mchezo huo lilitoka mwezi Machi, na wako waliofanyia humo hata sherehe za harusi zilizoahirishwa.

Katika kijiji hicho hakuna anayekuharakisha. Unavua samaki mmoja, unazima, unakwenda kulala. Lakini sanduku la barua liko mlangoni, na mara kwa mara hupokea barua kutoka kwa mama, ambaye hatokei kamwe katika mchezo na hakai kijijini. Huandika mambo madogo madogo ya nyumbani, na siku ya kuzaliwa kwako hutuma zawadi. Mjukuu wangu hupita haraka barua hizo. Mimi huzisoma mpaka mwisho.