Riba Iliyorudi Usiku

Tuseme Gando, kaskazini-magharibi mwa Pemba, kuna chama cha kuweka na kukopa, na kijana wa hapohapo, stadi wa kompyuta, amepewa kazi ya kukiwekea programu. Chama ni cha kubuni. Kosa la kijana hutokea kila siku.

Programu aliipata bure kwenye intaneti, nayo ilitoza riba kila mkopo. Wanachama riba hawaitaki: hukopa msimu wa karafuu ukikaribia ili wawalipe wachumaji, wakishauza hurudisha kilekile walichochukua. Kijana akafungua msimbo, akakata mistari inayokokotoa riba, akabandika yake. Hakuandika popote alichokata. Mambo yakaenda, akasifiwa hadi msikitini.

Kisha likatoka toleo jipya la kuziba mwanya wa wizi. Akalipakia usiku, nalo likafuta kila alichobandika. Asubuhi mzee mmoja akamjia na karatasi ya deni lake.

"Mwanangu, hii nyongeza ya nini? Mimi nimekopa, sikuuza akhera yangu."

"Niwie radhi, mzee wangu. Leo hii naiondoa."

Akarudisha toleo la zamani, na mwanya wake, akaapa hatasasisha tena. Hapo ndipo alipokosea zaidi: riba mzee aliiona, mwizi asingeonwa na mtu.

Wenye kompyuta kubwa za IBM waliyaonja haya zamani. Wataalamu wao walikuwa wakibadili msimbo wenyewe, na kila toleo jipya likawadai waanze upya. Dawa ikawa milango maalumu iitwayo eksiti. Mfumo ukifika mahali palipotajwa, huita programu ndogo ya mteja, husikiliza jibu, kisha huendelea. Mlango wa IEFU83, kwa mfano, huitwa kabla rekodi ya matumizi ya mashine haijaandikwa: jibu likiwa 0 rekodi huandikwa, likiwa 4 huachwa. Mwaka 1983 IBM ikatangaza sera ya kutoa programu bila msimbo wake. Wateja wengi walinung'unika, lakini waliokwisha kuhamia kwenye eksiti hawakuwa na mengi ya kupoteza.

Eksiti nayo si hirizi. Mpangilio wa ndani ukibadilika, ile programu ndogo huenda ikabidi ijengwe upya. Ila ni ndogo, na mwenyewe anajua ilipo.

Karibu na kwetu, OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, umejengwa kwa fikra hiyohiyo: anayetaka jambo lake huongeza moduli, kiini hakigusi.

Na kijana wetu? Programu nyingi za mikopo hukubali kiwango cha riba kiwekwe sifuri kwenye mipangilio. Ukurasa huo hakuufungua kabisa. Nyinyi mnaotengeneza mifumo ya vyama Wete na Chake Chake, someni kwanza kitabu cha maelekezo, kisha muulizeni mwenye programu milango yake iko wapi.