Israfu Isiyoonekana

Nasafirisha mahindi kwa pikapu kutoka Masanze hadi Morogoro, na kurudi bodi ni tupu. Wenzangu huacha mlango wa nyuma wazi wakiamini upepo utapita. Kumbe mlango ukifungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na upepo wa juu huteleza, hivyo gari hula mafuta kidogo. Turubai lililokazwa husaidia zaidi. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huwa mara 4, hivyo faida huonekana zaidi kwenye lami ya kupitia Mikumi, tunapokwenda kasi.

Je, ni dhambi kupoteza mafuta usiyoyaona yakipotea? Naamini ndiyo. Uislamu hukataza israfu hata kwa tajiri, maana mali ni amana ya Mungu. Asiyejua ana udhuru, aliyejua hana. Dereva mwenzangu, funga mlango, kaza turubai, punguza mwendo.