Nywele za Singa na Sura ya Shida

Tulipokuwa bado Rumonge, wiki chache baada ya kuvuka ziwa, kijana mmoja alinijia na kitana mkononi. Wenzake walimwita Singa kwa sababu ya nywele zake: ndefu hadi mabegani, laini, zimenyooka, urithi wa babu yake Mwarabu. Wanaume wengi wa huku tunanyoa. Yeye hapana. Lakini nywele zenyewe zilimlalia kichwani kama majani yaliyonyeshewa, na yeye alitaka zijae.

Kabla ya kufanya kazi na vijana nilikuwa kinyozi, basi nikamsaidia. Kwanza nilimkataza mafuta. Rumonge ni mji wa michikichi, mafuta hayakosekani, na kila mtu anajipaka. Nywele za kipilipili zinayahitaji maana zinakauka upesi. Za singa siyo hivyo. Mafuta ya ngozi ya kichwa yenyewe yanateremka haraka kwenye unywele ulionyooka, na ukiongeza mengine ndiyo unazilaza kabisa. Nikamwosha kwa sabuni kidogo na kumsuuza vizuri. Nikakata ncha zilizochakaa, za juu nikazifanya fupi kuliko za chini ili zisielemeane. Halafu akainama, nywele zikaning'inia mbele, akawa anazitimua kwa vidole mpaka zikakauka. Sikuongeza hata unywele mmoja. Lakini alipoinuka, alikuwa mtu mwingine. Alitembea ufukweni kama mtu mwenye kwao.

Muzee mmoja akamwambia, "Wenzako wanapanga foleni ya chakula, wewe unapanga nywele? Huo ni uongo, mwanangu. Unajionyesha usivyo."

Siku mbili baadaye Singa alikuwa na mahojiano ya kuangalia nani ana shida zaidi. Asubuhi nilimwita pembeni. Nikamwambia, "Zilowanishe kwanza, zilale. Ukienda hivyo watasema huna shida."

Akaniangalia. "Yaya, juzi ulinisaidia kuzijaza. Leo unanisaidia kudanganya?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile.

Nianze na neno la muzee. Je, kuzijaza nywele ni uongo? Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtumbwi unaopendeza majini umechongwa na mtu, na hatusemi umetudanganya. Hata dini ya Kiislamu, ambayo wengi wa Rumonge wanaifuata, inakataza kuunganisha nywele za mwingine, lakini inamhimiza mwenye nywele azitunze. Uongo ni kumfanya mtu aamini jambo lisilo kweli, jambo analotegemea. Nani anategemea kujua unene wa nywele za Singa? Hakuna.

Sasa ushauri wangu. Huo ulikuwa mgumu zaidi. Mama yake alikuwa mgonjwa kweli, na wote walilala kwenye mkeka mmoja. Shida ilikuwa ya kweli. Sura niliyotaka aivae ndiyo ilikuwa ya uongo. Nilitaka afikishe ukweli kwa njia ya maigizo.

Wakubwa kuwasoma vijana kwa vichwa vyao siyo jambo jipya. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU kule Tanzania ulitangaza Operesheni Vijana, wigi zikapigwa marufuku pamoja na sketi fupi. Malawi ya Banda ilikataza wanaume kufuga nywele ndefu, hata wageni walinyolewa. Wale walitafuta maadili kichwani. Sisi huku tunatafuta njaa kichwani. Lakini njaa haikai huko.

Siwalaumu tu wanaouliza maswali. Wao ni wachache, foleni ni ndefu, na jicho linafanya kazi haraka kuliko swali. Ila swali moja, "Jana mlikula nini?", lingewaambia mengi kuliko nywele. Na sisi tunaowaongoza vijana tuna kosa letu. Tukimfundisha kijana kuvaa sura ya shida kila anapoitwa, iko siku ataisahau ile nyingine. Msaada utafika, lakini utamkuta mtu aliyejizoeza kuwa mdogo.

Mtu ataniuliza: na kama nywele zitamkosesha mama yake dawa? Swali hilo ni zito, na aliye na mgonjwa nyumbani asihukumiwe kwa kulowanisha nywele. Ila mimi, niliyetoka kwenye mkeka ule kwenda kulala kwangu, sikuwa na haki ya kumwambia ajishushe.

Singa alikwenda nazo zimejaa. Aliniambia waliuliza habari za nywele kabla ya kuuliza habari za mama. Akajibu yote mawili, bila kuinamisha kichwa.

Siku hizi kijana akinijia kabla ya mahojiano, namwambia ajiandae kusema ukweli wote wa nyumbani kwao, hata ule unaoaibisha. Na akiwa na kitana, nampa kioo.