Ujira wa Mtumishi wa Mkahawa: Haki ya Kutaka Nyongeza na Adabu Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, agawanyaye riziki kwa hekima yake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyewachungia watu wa Makka wanyama wao kwa ujira kabla ya kupewa utume, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu Waislamu, mtazameni mtu afanyaye kazi katika mkahawa. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri akakanda unga wa mahamri na kuteleka chai. Adhuhuri humkuta mbele ya sufuria za pilau, na isha humkuta akiosha sahani. Alipoingia kazini alipatana na tajiri wake kupeleka chakula mezani, basi. Miaka imepita, na sasa ndiye apikaye, ndiye aendaye sokoni, na ndiye ashikaye funguo za ghala. Unga umepanda, kodi ya nyumba imepanda, na mshahara ni ule ule. Kila mwisho wa mwezi huazimia kusema, kisha huona haya, akajiambia: "Kutaka zaidi ni uombaji, na muumini hukinai kwa alichopewa." Mdomo ukinyamaza, mkono huanza kusema: leo kipande cha nyama, kesho kibaba cha mchele, huku akidai moyoni kwamba anajilipa haki yake. Mtu huyu amekosa mara mbili: amejiharamishia lililo halali, na amejihalalishia lililo haramu.

Jueni kwamba wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wameihesabu ijara kuwa namna ya bei: kinachouzwa ni manufaa, na thamani yake ni ujira. Muuza samaki haitwi mwombaji kwa kutaja bei yake. Basi kwa nini aitwe hivyo auzaye nguvu zake? Uombaji uliokemewa ni kutaka mali za watu pasipo haja wala badala. Ama kukinai ni sifa ya moyo, wala hakumlazimishi mtu kuuza jasho lake kwa thamani ya chini. Katika Sura ya Al-Kahf, Nabii Musa (A.S.) alimwambia Khidr kwamba angaliweza kutwaa ujira kwa kuusimamisha ule ukuta. Na katika Sura ya Al-Qasas alipatana na mzee wa Madyan miaka 8, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Tazameni: lililo lazima lilitajwa mbali, na la ihsani likatajwa mbali. Tajiri hana ruhusa ya kuichukua ihsani ya mtumishi wake akaifanya lazima.

Na sharti ya ujira ni kujulikana. Kwa hivyo, katika madhehebu haya haisihi kumwajiri mtu kwa chakula chake tu, kwani kiasi chake hakijulikani, ijapokuwa Imamu Malik ameruhusu. Akiisha kufanya kazi kwa mapatano ya namna hiyo, hustahiki ujira wa mfano, yaani wapewao watu wa kazi kama yake. Basi asiseme mwenye mkahawa: "Anakula hapa, yamtosha." Wala asiihesabu bakhshishi ya wageni kuwa ndio mshahara; hiyo ni hiba ya watu wengine.

Walakini mapatano yakiisha kufungwa sawasawa huwafunga wote wawili mpaka muda wake. Nyongeza isiyokubaliwa bado si deni juu ya tajiri, na mwenye kuitwaa kwa siri ni khaini, hata awe amedhulumiwa namna gani katika macho yake mwenyewe.

Ama adabu za kutaka nyongeza ni hizi. Amwendee tajiri wake faraghani, wakati mkahawa umetulia, wala asimfedheheshe mbele ya walaji. Ataje kazi aliyoajiriwa nayo na kazi aifanyayo sasa. Aulize kwanza ujira wa wenziwe katika mji ule, kisha ataje kiasi anachokitaka. Asiseme uwongo kwamba ameitwa kwingine. Wakiafikiana, waandike, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe katika Sura ya Al-Baqara, na sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 nayo yataka mapatano ya miezi 3 au zaidi yaandikwe. Akikataliwa, asubiri au aondoke kwa wema muda ukiisha, wala asiunguze chungu kwa hasira.

Nawe tajiri, usijifiche nyuma ya haya ya mtumishi wako. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, na akasimulia kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mwenye kutimiziwa kazi asitimize ujira. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa waliiba ngamia wakamchinja. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa ameamrisha wakatwe mikono, kisha akamgeukia bwana wao, kwani aliona kwamba yeye ndiye awatiaye njaa, akamtoza dirhamu 800 kwa ngamia wa 400. Wale walikuwa watumwa, si waajiriwa, na Imamu Malik mwenyewe amesema hukumu ya kuzidisha thamani haikutendwa. Wala wizi haukuwa halali kwa hayo. Lakini mazingatio yake ni wazi: aliye juu ataulizwa njaa ya aliye chini. Akipungua mchele ghalani, mwenye mkahawa na ahesabu magunia yake, kisha auhesabu na mshahara anaoulipa.

Ewe Mola, wape watumishi ulimi wa kweli na mikono safi, na uwape matajiri mizani iliyo sawa. Wabillahi taufiki.