Ng'ambo ya Nani?

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali dogo: ng'ambo ni wapi? Mimi niliyesimama huku nitakuonyesha kule. Aliye kule, si atakuonyesha huku? Lakini Unguja mjini swali hilo lilishajibiwa zamani. Ng'ambo ni upande mmoja tu, siku zote.

Nilivuka kutoka Dar na daftari jipya. Natafuta mandhari ya riwaya, na niliyoitaka ni Mji Mkongwe: milango ya nakshi, vichochoro, baraza za mawe. Nililala kwa mama mkubwa, mtaa wa Mwembetanga, huko Ng'ambo. Kila asubuhi nikikatiza barabara pale Darajani, jioni narudi kurasa zimejaa. Siku ya nne mama mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, na huku umeandika nini?" Nikacheka. Kumbe sikuwa na hata mstari mmoja.

Leo pale Darajani huvuki maji. Zamani palikuwa na mkono wa bahari, ukiutenga mji wa mawe na mitaa ya nyumba za udongo na makuti. Wakati wa ukoloni ukafukiwa kidogo kidogo, ikabaki barabara. Maji yamekwisha, jina limebaki.

Na huko ng'ambo ndiko walikojenga wengi walioachwa huru baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897. Ndiko watu walikogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928. Ndiko alikoishi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, wa ukoo wa watumwa, ambaye mwaka huohuo wa 1928 alirekodi santuri Bombay. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mimi nilipita mitaa hiyo mbiombio, nawahi kutazama milango.

Sasa, nimekosa? Mtu anaweza kunitetea. Mwandishi ana haki ya kuchagua. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba zake kuukuu zinahitaji wa kuzipenda. Tena nani aliyekatazwa kuandika habari za Ng'ambo? Hoja nzuri, bwana, ila hainitoshi. Kupenda kizuri si kosa. Kosa ni kukitazama kizuri ukadhani kilijizaa chenyewe. Mawe yale hayakupanda ukutani kwa miguu yao. Yalibebwa na watu, na watu hao wana wajukuu.

Kuna kilichoniuma zaidi. Mama mkubwa akitaka kwenda sokoni Darajani husema, "Natoka mara moja, nakwenda mjini." Mjini! Kwani yeye anakaa shamba? Nikamwuliza. Akasema, "Jina tu hilo, mwanangu." Labda. Lakini mimi naona mtu akiitwa pembeni miaka na miaka, mwisho naye hujitaja hivyohivyo. Ndiyo maana jicho la mgeni si kitu chepesi, na kalamu ndiyo nzito kabisa.

Jioni ile nilikaa barazani kwake. Nikaandika "Ng'ambo", nikafuta. Nikaandika "Mwembetanga", nikaendelea.

Nawe mwenzangu unayeandika, tazama daftari lako: limesimama upande gani?