Yosefu Aliondoka Usiku



Majuma haya ya Noeli ndiyo majuma ambayo twayasikia mno maneno "mpango wa Mungu". Twayasikia kanisani mbele ya pango, na katika salamu za ndugu waliorudi nyumbani kwa sikukuu. Lakini twayasikia pia matangani, kwa kuwa mauti hayangoji sikukuu ipite. Aliyefiwa na mtoto huambiwa kwamba ni mpango wa Mungu. Aliyeachishwa kazi huambiwa hivyo hivyo, na mkulima aliyekosa mvua za vuli kadhalika. Maneno ni mamoja. Je, maana yake nayo ni moja? Na yule anayeyatamka, huyatamka kwa imani nyenyekevu, ama huyatamka ili mazungumzo yaishe? Swali hili lagusa kila nyumba ya Kikristo, nalo lastahili kufikiriwa kwa utulivu.

Tuseme kwanza lile tunalolisadiki. Mungu aliyeumba mbingu na nchi hakuviacha viumbe vyake kama mtu aliyekata kamba ya mtumbwi, akauacha uchukuliwe na maji. Yeye avitunza na kuviongoza hata mwisho alioukusudia. Hayo Kanisa layaita Maongozi ya Mungu, nasi hatuna mashaka nayo. Linalotupasa kuuliza ni hili: mtu mnyenyekevu huyapokea maongozi hayo kwa namna gani?

Katika Injili zote nne hamna hata neno moja lililotoka kinywani mwa Mtakatifu Yosefu. Twayajua matendo yake tu. Mtakatifu Mathayo atusimulia kwamba mara nne aliagizwa au alionywa katika ndoto: amchukue Maria awe mke wake, akimbilie Misri, arudi katika nchi ya Israeli, na tena ajitenge kwenda upande wa Galilaya. Tazameni jinsi maagizo hayo yalivyo mafupi. Kila mara alionyeshwa hatua moja tu. Alipoambiwa aende Misri, hakuambiwa atakaa miaka mingapi, wala atapata kazi kwa nani, wala nani atampangisha nyumba. Aliambiwa akae huko mpaka atakapoambiwa tena. Yosefu hakungoja hata kupambazuke. Akamchukua mtoto na mama yake, akaondoka usiku ule ule.

Tuyafikiri mambo haya kwa makini. Mungu alikuwa na uwezo wa kuukausha mkono wa Herode kabla haujatia sahihi amri yoyote. Hakufanya hivyo. Uhai wa Mwanawe aliyefanyika mtu aliuweka katika miguu ya seremala, na katika usiku mmoja wa mwendo wa haraka. Mtakatifu Toma wa Akwino atufundisha kwamba Mungu huviongoza viumbe vya chini kwa njia ya viumbe vingine, wala si kwa upungufu wa nguvu, bali kwa wingi wa wema wake, ili hata viumbe vipate heshima ya kuwa sababu ya mema. Basi mpango wa Mungu haukupita juu ya kichwa cha Yosefu. Ulipita katika mikono yake.

Sasa tuseme Yosefu angaliamka, akamwambia mkewe: "Mungu akipenda mtoto huyu aishi, ataishi, tulale." Maneno hayo yangalisikika kuwa ya imani kuu, kumbe yangalikuwa ni kumjaribu Mungu. Ndicho kishawishi kile kile alichokileta Shetani juu ya mnara wa hekalu, alipomtaka Bwana wetu ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka. Bwana wetu alikataa. Mwana mwenyewe hakutaka kumdai Baba yake mwujiza pasipo lazima. Sisi ni nani hata tuudai?

Hata hivyo twaudai mara nyingi, tena kwa maneno matakatifu. Mtoto ana homa kali, zahanati si mbali, lakini wazazi wasema wamwachie Mungu kwanza. Wamesahau kwamba kitabu cha Yoshua bin Sira chatuagiza kumheshimu tabibu, kwa kuwa ni Mungu aliyemweka, na kwamba dawa nazo ametuotesha Mungu katika ardhi. Baba mmoja amalizia ada ya shule katika vinywaji vya Desemba, na Januari inapofika, mtoto akiwa amekaa nyumbani, asema Mungu atafungua mlango. Dereva alijaza gari kupita kiasi, akalikimbiza usiku kucha ili awahi abiria wengine wa sikukuu. Likipinduka, sisi tunaozika twasema saa yao ilikuwa imefika. Je, ni Mungu aliyeipanga saa hiyo, au ni tamaa ya fedha? Kumtwika Mungu mzigo wa uzembe wetu si unyenyekevu. Ni kumsingizia.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Lipo na la pili, nalo huwapata hasa watu wa dini, mapadre tukiwa miongoni mwao. Ni kujifanya tunaujua mpango wa Mungu juu ya maisha ya mwenzetu.

Siku tatu baada ya Noeli, tarehe 28 Desemba, Kanisa lavaa mavazi mekundu kwa sikukuu ya Watoto Mashahidi. Yosefu alionywa, na Mtoto wake akapona. Mbona baba wengine wa Betlehemu hawakuonywa? Injili haitoi jibu. Yataja tu kilio cha Rakeli anayewalilia watoto wake, wala hataki kufarijiwa, kwa kuwa hawako tena. Angalieni kwamba Mwinjili hamkemei Rakeli. Hamwambii akaze imani, wala hamwelezi faida ya msiba wake. Amwacha alie.

Mafundisho ya Kanisa ni wazi: Mungu hakuutaka upanga wa Herode, maana Mungu hataki dhambi kamwe. Huiruhusu, kwa sababu amempa mwanadamu hiari. Mtakatifu Augustino ameongeza kwamba Mungu, aliye mwema kabisa, asingeruhusu ubaya wowote kama asingekuwa na uwezo wa kutoa jema hata katika ubaya huo. Hii ni faraja kubwa. Lakini tuitumie kwa adabu. Augustino asema Mungu aweza kulitoa jema hilo. Hakusema kwamba jirani aweza kulionyesha kwa kidole, jeneza likiwa bado sebuleni. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kunena neno, wakafanya vema. Walipofunua vinywa vyao kumweleza sababu za mateso yake, wakakosa, na mwishoni ni wao waliokemewa na Mungu, si Ayubu aliyelalamika.

Kwa hiyo makosa haya mawili, ingawa hayafanani kwa sura, ni ndugu wa tumbo moja. Mvivu humwachia Mungu lile lililowekwa katika mikono ya mwanadamu. Mjuzi hujitwalia lile lililo mikononi mwa Mungu peke yake. Wote wawili wamekosa unyenyekevu, maana unyenyekevu ni kujua mahali petu: kufanya kwa bidii lile tulilokwisha kuonyeshwa, na kunyamaza mbele ya lile tusiloonyeshwa.

Tena kunyamaza huko si kukatazwa kuuliza. Bikira Maria alimwuliza malaika jambo lile litakuwaje, wala hakukaripiwa. Miaka kumi na miwili baadaye, alipomkuta Mwanawe hekaluni baada ya kumtafuta siku tatu, alimwuliza mbona amewatenda hivyo. Akajibiwa, na Mtakatifu Luka akiri kwamba yeye na Yosefu hawakulielewa jibu hilo. Mama wa Mungu hakuelewa! Lakini aliyaweka yote moyoni mwake. Basi mama aliye katika giza leo asidhani kwamba kutoelewa kwake ni upungufu wa imani.

Labda mtu atasema: "Ikiwa yatupasa kujitahidi namna hii, kumtumaini Mungu kwabaki na kazi gani?" Kwabaki na kazi kubwa. Yosefu aliweza kufunga mizigo, lakini hakuweza kuwazuia askari barabarani. Mkulima aweza kulima, kupanda na kupalilia kwa wakati. Mvua haimo ghalani mwake. Tena aliporudi kutoka Misri, Yosefu alisikia kwamba Arkelao atawala Yudea mahali pa Herode baba yake, akaogopa kwenda huko. Hofu hiyo haikuhesabiwa kuwa ni kosa. Onyo la Mungu lilikuja likaithibitisha. Naye Arkelao alikuwa mtawala katili kweli, hata mwaka wa 6 baada ya Kristu Kaisari Augusto akamwondoa madarakani na kumpeleka uhamishoni Galia. Mwenye kumtumaini Mungu haachi kutumia macho na masikio aliyopewa na Mungu huyo huyo.

Lakini tuseme na neno lililo gumu kuliko yote. Wako wazazi walioondoka usiku kama Yosefu, wakambeba mtoto mpaka hospitali, wakafanya yote yaliyowapasa, na mtoto akafa. Hao tuwaambie nini? Tuwaambie kwamba hawakushindwa katika wajibu wao, wala imani yao haikuwa pungufu. Imani si fedha ya kununulia uponyaji. Mtoto yule aliyeokolewa na upanga wa Herode alikufa msalabani akiwa mtu mzima, na Mama yake alisimama pale akamtazama. Safari ya Misri haikuwa ahadi kwamba Familia Takatifu haitalia. Mungu hakutuahidi kutuepusha na kila msiba. Alitupa Mwanawe aje akae nasi ndani ya misiba yetu. Hiyo ndiyo maana ya Noeli, na mtu aliyefiwa aweza kuishika hata asipoelewa lolote jingine.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alipozungumza na familia huko Manila, mwezi wa Januari 2015, alieleza kwamba mezani pake alikuwa na sanamu ya Mtakatifu Yosefu aliyelala usingizi, na kwamba akiwa na shida huiandika katika karatasi na kuiweka chini ya sanamu hiyo. Lakini katika hotuba hiyo hiyo aliwakumbusha kwamba baada ya kupumzika katika Bwana yatupasa kuamka na kutenda, kama Yosefu alivyoamka. Mambo hayo mawili hayatengani. Asiyelala hamwamini Mungu, asiyeamka hamtii.

Basi, wazazi wapenzi, katika siku hizi mnapokusanyika jioni na watoto mbele ya pango kusali Rozari, ulizeni nyumbani mwenu maswali mawili. Ni jambo gani limekwisha kuwekwa mikononi mwetu, nasi twaliahirisha? Na ni jambo gani haliko mikononi mwetu, nasi twakataa kumwachia Mungu? La kwanza lifanyeni kesho asubuhi: deni lilipwe, mgonjwa apelekwe, ndugu mliyekosana naye aendewe. La pili liwekeni horini, karibu na Mtoto, na mkalale.

Na mkienda matangani, ketini na mfiwa, mpikieni, mchoteeni maji. Maelezo ya mpango wa Mungu mwachieni Mungu mwenyewe.

Twawatakieni nyote Noeli yenye heri na amani.