Garimoshi Ndani ya Kioo

Mtu akitengeneza mfano wa kitu, akaupima kwa haki, asiongeze wala asipunguze, je, amesema kweli juu ya kitu hicho? Kwa muda mrefu nililiona swali hili kuwa jepesi. Jibu langu lilikuwa tayari, nami nilizoea kulitoa darasani kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Mwaka jana jibu hilo lilivunjwa mbele ya macho yangu, na aliyelivunja ni babu yangu mzaa mama.

Huko Diani yupo mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale. Ndani ya sanduku la kioo ameweka mfano wa garimoshi la mvuke, la aina ya 59, lililokuwa mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Magarimoshi ya aina hiyo yalikuwa 34. Yaliundwa Manchester, Uingereza, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, mwaka 1955 na 1956, yakaletwa kuvuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Kila moja lilipewa jina la mlima. Lile liitwalo Mount Gelai lingali linaonekana katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Katika reli za upana wa mita moja, hapakuwa na garimoshi la mvuke lililoyapita kwa nguvu duniani kote. Boila lake limetundikwa katikati, na magurudumu yamegawanywa makundi mawili, mbele na nyuma. Kwa hiyo chombo cha tani 252, chenye urefu wa karibu mita 32, kiliweza kujipinda penye kona kama tandu, na uzito wake ukaenea juu ya reli bila ya kuiumiza. Maarifa haya yalibuniwa na Mwingereza, Herbert William Garratt, aliyeyapatia hataza mwaka 1907.

Mfano ule ni sehemu moja ya 87 ya garimoshi lenyewe. Urefu wake hauzidi sentimita 37, lakini ngazi zake, vyuma vyake vya kusukumia magurudumu na nambari yake vyote vimo, kila kimoja mahali pake.

Mimi niliuita mwongo wenye adabu. Nilisema: unang'aa mno, hauna masizi, hauna mtu. Njia ya reli ilijengwa toka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, ikapasua nyika ya Taru isiyokuwa na maji. Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kukumbuka kila msumari na kusahau kila mtu, nilisema, ni namna ya kudanganya bila ya kutamka neno.

Babu yangu anakaa Taru. Katika ujana wake, miaka ya 1960, alikuwa mchochea moto katika magarimoshi hayo. Nilikwenda kumchukua, tukapita Samburu, Kinango na Kwale, tukateremka mpaka Ukunda, na kutoka hapo Diani si mbali. Naona haya kukiri kwamba sikumchukua ili afurahi. Nilimchukua awe shahidi wangu.

Tulipofika, mwenye nyumba alimpa kiti karibu na kioo. Babu akatazama kitambo bila ya kusema. Mimi nikaanza kumweleza mwenyeji juu ya taabu ya wachochea moto: jinsi walivyokesha wakitupa makaa tanuruni kwa sepetu, usiku kucha, toka Mombasa hadi Voi.

"Makaa gani, mjukuu wangu?" Babu aliuliza. "Garimoshi hili lilitumia mafuta. Kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga, na kutazama rangi ya moshi."

Nilinyamaza. Nikajaribu tena, nikasema kwamba angalau masizi yalikuwako, na kwamba huu mng'ao ni wa dukani. Babu akacheka. Akasema garimoshi lao lilikuwa na watu wake, nao walilisugua mpaka shaba ikaonyesha meno ya mtu, maana ilikuwa fedheha kuingia Nairobi na chombo kichafu. Kisha akanitazama, akasema polepole: "Wewe wataka niwe nimeonewa siku zote. Taabu niliipata, na joto la mle ndani silisahau. Lakini lilikuwa garimoshi langu."

Enyi vijana, mimi nimefundishwa kupima hoja, na hapo nilipima yangu, nikaona imepungua. Nilikuwa nimeushitaki mfano kwa kuficha mtu, kumbe nami nilikuwa nimemficha mtu huyo huyo nyuma ya huruma yangu. Mfano ulinyamaza tu. Mimi nilisema, tena nikakosea. Ni lipi baya zaidi? Sitaki kumtetea mtengenezaji kupita kiasi. Wale 2,500 bado hawamo ndani ya kioo, na majina ya milima hayasimami badala ya majina ya watu. Lakini anayetaka kuwasemea watu hana budi kwanza kuwauliza.

Mwenyeji akafungua kioo, akampa Babu mfano aushike. Babu akaupima kwa kiganja, akastaajabia wepesi wake. Baadaye nilipiga hesabu: tani 252 zikigawanywa kwa 87 mara tatu mfululizo, husalia gramu 380 hivi, chini ya nusu kilo. Akaulaza juu ya meza, akavaa miwani, akaingiza ncha ya ukucha katika mlango mdogo.

"Hapa ndipo niliposimama mimi," alisema. "Dereva alikaa upande wa pili."

Mwenyeji akauliza jina la dereva huyo. Babu akalitaja mara moja, na jina la baba yake, na kijiji alikotoka. Mimi, mjukuu wake, nililisikia jina hilo kwa mara ya kwanza siku hiyo, katika nyumba ya mgeni.